Birika la chuma la Kijapani kwenye jiko la siku hizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ni mengi na yanajirudia kila wiki kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mi sio fundi wala sio muuzaji, napenda tu vyombo vya jikoni na haya mabirika ya chuma ya Kijapani nimeyafuatilia kwa muda mrefu, hasa jinsi yanavyobadilishwa ili yaingie kwenye nyumba za sasa, zile za jiko la gesi au la umeme, sinki dogo, na mtu anayekunywa chai peke yake kabla hajakimbilia kazini. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Tetsubin ndo nini? Si lile buli dogo jeusi linalouzwa na kichujio ndani?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotezwa na wauzaji. Kuna vyombo vitatu vya chuma vinafanana ukiviangalia kwa picha. Cha kwanza ni chagama, chungu cha chuma kisicho na mdomo kabisa, kinatumika kwenye ile sherehe yao ya chai na maji yanachotwa kwa upawa wa mwanzi. Cha pili ni tetsubin yenyewe, hili ni birika, lina mdomo na mkono wa kushikia, kazi yake ni moja tu, kuchemsha maji. Cha tatu ni kyusu ya chuma, hilo ndo buli lako lenye kichujio, ndani limepakwa enameli (utando mgumu kama kioo) na kazi yake ni kuloweka majani ya chai kwa maji yaliyochemshwa kwingine. Kyusu ukiiweka motoni unaiharibu. Tetsubin ukilowekea chai ndani unaiharibu pia ila kwa njia tofauti, tutafika huko.

Yanatengenezwa wapi?

Jina kubwa ni Nambu tekki, vyombo vya chuma vya mkoa wa Iwate kaskazini mashariki mwa Japani, na ndani ya Iwate kuna sehemu mbili zenye historia tofauti. Morioka ulikuwa mji wa ngome ya ukoo wa Nambu, na mwaka 1659 mtawala wao alimleta fundi wa vyungu vya chai kutoka Kyoto, anaitwa Koizumi Nizaemon. Mizusawa, ambayo sasa hivi iko ndani ya jiji la Oshu, ni ya zamani zaidi, kazi ya kusubu chuma, yani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, pale inarudi mpaka karne ya 11 au 12 na wao walikuwa zaidi kwenye sufuria, vyungu na vitu vya wananchi wa kawaida. (Mashabiki wa besiboli: ndio, Oshu hiyo hiyo ndo kwao Shohei Ohtani.) Morioka walikuwa na kila kitu karibu, mchanga wa chuma, mchanga wa mtoni, udongo, mkaa, na utomvu wa mti wa urushi wa kupakia nje.

Nje ya Iwate kuna Yamagata, wanajulikana kwa kusubu vitu vyembamba sana, na Kyoto ambako zamani kulikuwa na karakana kama Ryubundo ambazo mabirika yake ya kale leo yanagombaniwa kwenye minada.

Sasa kwa nini yabadilishwe? Si yako poa yalivyo?

Hili ndo swali lenyewe, na jibu langu ni kwamba yameshabadilishwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tetsubin yenyewe ni dizaini mpya ya kitu cha zamani. Katika karne ya 18 mjukuu wa kazi ya yule Koizumi, yani Nizaemon wa tatu, alichukua chagama akalipunguza ukubwa, akaliwekea mdomo na mkono juu, basi, watu ambao hawakuwa na habari na sherehe ya chai wakapata birika la nyumbani. Wakati ule chai ya majani ya kuloweka ilikuwa inaenea mijini na kijijini, watu walitaka maji ya moto ya kumimina, sio ya kuchota. Aliyelalamika kwamba ni uharibifu wa mila hatumjui jina lakini sina shaka alikuwepo.

Halafu kila jiko likibadilika birika linafuata. Kwenye nyumba za zamani birika lilining'inia juu ya moto wa katikati ya sebule, lile shimo la moto wanaloliita irori, kwa ndoano inayopanda na kushuka. Kwa hiyo mkono ulipaswa kuwa mrefu na imara, na kitako hakikuwa na haja ya kuwa bapa maana hakigusi kitu. Baadaye likawekwa juu ya chombo cha makaa, hibachi, kwenye stendi ya miguu mitatu. Mkaa una joto la taratibu linalotoka chini, ubavu na mkono haviungui sana.

Kisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaja, chuma kikapelekwa kwenye silaha, mafundi wengi wa mabirika wakazuiwa kufanya kazi yao na wachache tu wakaachwa ili ujuzi usipotee. Vita vilipoisha watu walikuwa wananunua alumini, nyepesi, rahisi, haishiki kutu. Ikaja gesi, moto unaopanda mpaka ubavuni. Ikaja thamosi ya umeme inayokaa na maji ya moto mchana kutwa. Na sa hivi ni indaksheni, jiko la umeme linalopasha chuma cha chombo chenyewe, kwenye maghorofa mapya ambayo mengine hata gesi hayaruhusu. Kwa sensa ya Japani ya 2020 zaidi ya theluthi moja ya kaya ni mtu mmoja anaishi peke yake. Huyo mtu umpe birika la lita mbili la kuning'iniza juu ya moto wa kuni alifanyie nini?

Dizaini mpya zimebadilisha nini hasa?

Watu wanaangalia rangi. Rangi ndo kitu kidogo kuliko vyote. Mimi naangalia kitako kwanza.

Kitako cha birika la mkaa mara nyingi ni kidogo na cha duara kidogo, au kina ukingo unaokinyanyua. Kwenye jiko la indaksheni hicho hakifai kwa sababu jiko lenyewe ndo linachochea joto ndani ya chuma kinachokaa karibu nalo, na majiko mengi ya Japani yanataka kitako chenye upana wa kama sentimita 12 hivi ndo yatambue kwamba kuna chombo. Kwa hiyo kitako kimepanuliwa na kuwa bapa, na ukipanua kitako umbo lote linahama, birika linakuwa fupi na pana, kitu ambacho wabunifu wengine wamekitumia vizuri na wengine wamekiachia kikatoa kitu kama kofia iliyokaliwa.

Pili ni mkono. Mkono mzuri wa kizamani wala hausubiwi, unafuliwa na fundi mwingine kabisa, na ule bora ni mtupu ndani, bati la chuma limekunjwa likawa bomba, ili hewa ya ndani isiruhusu joto kupanda haraka. Mafundi wa mikono hiyo wamebaki wachache sana, kwa hiyo mabirika mengi ya bei ya chini yana mkono wa chuma kigumu, unashika na kitambaa ukitaka usitake. Wabunifu wa sasa wamejaribu kuushusha chini ili birika lipite chini ya bomba la maji, wengine wameuweka mkono unaolala pembeni, wengine mbao. Mbao inapendeza na haichomi ila kwenye gesi kubwa inaungua, hilo kwenye picha za matangazo hutaliona.

Tatu, uzito. Birika la lita moja likiwa tupu mara nyingi linafika kilo moja na nusu hivi, weka maji unabeba kilo mbili na nusu kwa mkono mmoja huku linatoa mvuke. Bibi wa miaka 80 hawezi. Njia mbili tu zipo, kulipunguza ukubwa au kupunguza unene wa chuma. Kupunguza ukubwa ni rahisi, ndo maana unaona ya nusu lita na ya lita 0.8 kila mahali. Kupunguza unene ndo kazi ya wanaume na wanawake wenye roho ngumu, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kinamiminwa kwenye mwanya mdogo kati ya kalibu ya nje na ile ya ndani, na mwanya ukiwa mdogo mno chuma kinapoa kabla hakijafika mwisho, unatoa birika lenye tundu. Wale mafundi wazuri wanacheza na milimita mbili hivi. Kwa hiyo ukiona birika jepesi la kusubiwa kwa mkono usidhani umepunjwa chuma, hapo ndo umelipia ujuzi.

Mdomo nao umefupishwa na kuchongwa ncha ili usidondoshe matone mezani, na mapambo yamepunguzwa. Zile nukta za arare, zinazofanana na mvua ya mawe, fundi anazibonyeza moja moja kwa kijiti upande wa ndani wa kalibu ikiwa bado na unyevu, mamia kwa mamia. Siku hizi kuna mabirika hayana nukta hata moja, ngozi tupu ya chuma. Watu wanafikiri hayo ni rahisi kutengeneza. Kumbe pale hakuna pa kuficha kosa, doa lolote la mchanga linaonekana.

Zile za pinki, kijani na zambarau ni feki?

Hapana. Nyingi ni kyusu, mabuli, na zina historia yake nzuri tu. Iwachu, kiwanda cha Morioka kilichoanza mwaka 1902, kiliombwa na duka moja la chai la Paris kutengeneza mabuli ya chuma ya rangi kwa ajili ya wateja wa kule, wakahangaika mpaka wakapata namna ya kupaka rangi huku ngozi ya chuma ikiendelea kuonekana, na yakapendwa Ulaya kwanza ndo yakarudi Japani kama fasheni. Wajapani wenyewe wa kizazi cha wazee walishangaa, chuma cha Nambu kwao kilikuwa cheusi au kahawia basi.

Mi sina ugomvi na pinki. Ugomvi wangu ni pale muuzaji anapoandika "tetsubin ya asili, inatoa madini ya chuma kwenye maji" wakati ndani kuna enameli. Enameli ni kama kioo, chuma hakigusani na maji hata kidogo. Ni buli zuri, linatunza joto, halishiki kutu, ila hizo sifa nyingine usiliongezee.

Kuna ambayo yanafaa kwa vyote, buli na birika?

Yapo, viwanda vinauza ya matumizi mawili, ndani hayana enameli, unaweza kuchemshia maji na ukaweka kichujio. Sijayapenda. Ukishaloweka chai ndani ya chuma kitupu chai inakuwa nyeusi na ladha inabadilika, mwisho unalitumia kwa kazi moja tu.

Naweza kuweka kwenye jiko la indaksheni au nisithubutu?

Unaweza kama mtengenezaji kaandika kwamba linafaa. Lakini moto wa chini au wa kati, usiweke ile ya juu kabisa kwa haraka zako. Indaksheni inachemsha kitako ghafla wakati ubavu bado wa baridi, na chuma cha kusubu hakipindi, kikizidiwa kinapasuka. Anza taratibu, maji yakishaanza kupata joto unaongeza kidogo. Na usiwashe likiwa tupu, hata sekunde chache za kusahau zinatosha kuliua.

Gesi je? Na mkaa wa kwetu?

Gesi sawa, moto mdogo au wa kati, ndimi za moto zisitoke nje ya kitako zikalamba ubavu kwa sababu ile rangi ya nje ni urushi na itaungua. Majiko yetu mengi ya gesi yana stendi pana na birika dogo linayumba, weka wavu juu yake.

Mkaa ndo kwao kabisa! Hapo mtu wa Tanga au Mombasa mwenye jiko la mkaa ana jiko linalofaa zaidi kuliko mtu wa ghorofa ya 30 Tokyo, na nafikiri hiki ni kitu cha kuchekesha kidogo, wabunifu wanakesha kulibadilisha birika liache mkaa na sisi mkaa tunao. Subiri tu makaa yatulie yawe mekundu bila moshi, usiliweke wakati bado yanafoka.

Naweza kupikia chai ya maziwa na tangawizi?

Usifanye hivyo jamani. Maji matupu tu. Tanini ya majani ya chai ikikutana na chuma inatoa kitu cheusi kama wino, maziwa yanaganda ndani ya mdomo wa birika ambako brashi haifiki, tangawizi inaacha harufu, na sabuni hairuhusiwi kwa hiyo huna namna ya kusafisha. Chemsha maji kwenye tetsubin, mimina kwenye sufuria au buli, hapo ndo upike chai yako unavyotaka.

Limeshika kutu ndani, nilitupe?

Swali namba moja hili, watu wanatuma picha kama wameona nyoka. Angalia maji kwanza. Ukichemsha maji yakatoka meupe safi, endelea kutumia, hizo madoa mekundu ndani sio tatizo. Maji yakitoka mekundu au yana ladha ya chuma basi fanya hivi: chukua majani ya chai, ya kijani ndo wanayotumia wenyewe ila majani yetu makavu yana tanini vile vile, yafunge kwenye kitambaa, weka na maji mpaka karibu asilimia 80, chemsha moto mdogo kwa nusu saa hivi. Maji yatakuwa meusi ti. Tanini imeshikana na kutu na kutengeneza utando mweusi unaokaa ukutani. Yaache yapoe, mwaga, suuza, chemsha maji mapya umwage, rudia ikibidi.

Kisichoruhusiwa ni kusugua. Steelwool, mchanga, mwiko, hata kidole chako chenye nia njema, acha. Ndani ya birika lililotengenezwa vizuri kuna ngozi ya oksaidi, ambayo fundi aliipata kwa kulichoma birika zima ndani ya mkaa kwenye joto la karibu nyuzi 900 baada ya kulisubu, kazi inaitwa kamayaki. Ngozi hiyo ndo kinga. Ukisugua umeitoa mwenyewe, na hapo kutu itakuja kwa bidii. Ule ukoko mweupe unaojijenga ndani taratibu kutokana na madini ya maji nao usiutoe, wenye mabirika ya miaka mingi wanajivunia nao.

Kila siku ukimaliza: mwaga maji yote likiwa bado la moto, fungua mfuniko, liache. Joto lake lenyewe linalikausha. Usiache maji yalale ndani. Usimimine maji baridi kwenye birika la moto.

Maji yetu ya kisima yana chumvi, itakuwaje?

Hapa lazima niseme ukweli. Maji ya Iwate ni laini, hayana madini mengi, birika linaishi raha. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chumvi inaharakisha kutu sana kwenye chuma kitupu. Tumia ya mvua au ya kununua ya chupa, la sivyo bora uchukue la enameli ndani uchemshie maji kwenye birika lako la kawaida. Maji magumu ya chokaa ambayo hayana chumvi hayana shida kubwa, ukoko utajaa haraka tu.

Ni kweli linaongeza damu?

Chuma kitupu kinatoa kiasi kidogo cha madini ya chuma kwenye maji, hilo ni kweli, na ni aina ambayo mwili unaweza kuitumia. Lakini kidogo. Na kama maji hayo hayo umelowekea chai, tanini inapunguza kile ambacho mwili ungechukua. Kwa hiyo mama mjamzito aliyeambiwa damu iko chini aende kliniki akapewe vidonge vyake, birika lisiwe dawa. Na mtu anayeongezewa damu mara kwa mara, kama baadhi ya wagonjwa wa selimundu, amuulize daktari kwanza maana mwilini kwake chuma kinaweza kuwa kimezidi tayari.

Kwa nini bei zinatofautiana hivyo? Moja elfu ishirini za yen, lingine laki mbili, na yote yameandikwa Nambu!

Kwa sababu ya kalibu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mchanga mbichi wenye unyevu unaoshindiliwa kwenye umbo la chuma kwa mashine, unamimina, unavunja, unaanza nyingine, kiwanda kinatoa mengi kwa siku. Ya pili ni kalibu ya udongo na mchanga inayochorwa kwa ubao unaozungushwa, safu kwa safu kuanzia mchanga mnene mpaka tope laini kabisa, kisha inabonyezwa mapambo na kuchomwa motoni. Fundi mmoja na kalibu hiyo anachukua wiki kadhaa mpaka birika litoke, na kalibu yenyewe haidumu, inatumika mara chache tu. Ukijumlisha kuchoma, kupaka urushi kwa joto, kung'arisha kwa maji meusi ya chai na kutu, mkono wa fundi mwingine, utaelewa laki mbili imeenda wapi.

La kiwandani sio baya. Kwa mtu anayeanza ndo ningemshauri achukue. Ila muuzaji asikuuzie la mchanga mbichi kwa bei ya la mkono, uliza waziwazi limetengenezwa kwa kalibu gani, muuzaji wa kweli anajibu bila kuzunguka.

Nani anafanya dizaini mpya zenye maana?

Nitataja wachache ninaowapenda, sio orodha kamili.

Kamasada ya Morioka, karakana ya familia, kizazi cha tatu ni Nobuho Miya. Kazi zake zimetulia sana, maumbo ya duara yasiyo na pambo, watu wa Ufini na Skandinavia wanazielewa mara moja. Ni mtu aliyekulia ndani ya mila hiyo hiyo akaamua nini apunguze, na nadhani ndo maana haikosei.

Kikuchi Hojudo ya Yamagata, nyumba iliyoanza mwaka 1604. Hawa walishirikiana na Ken Okuyama, mbunifu aliyezaliwa Yamagata na ambaye ndo alichora gari la Ferrari Enzo, naam, wa magari! Alirudi kwao akakusanya mafundi wa mkoa na mwaka 2006 wakapeleka kazi zao kwenye maonyesho ya Maison & Objet pale Paris. Chombo chao cha chuma kinachoitwa Mayu kina umbo la kifukofuko cha nondo wa hariri, na wembamba wa chuma cha Yamagata unaonekana.

Oigen ya Mizusawa, wapo tangu 1852, wao nguvu yao iko kwenye vikaango na sufuria za matumizi ya kila siku zaidi kuliko mabirika ya kifahari. Na Suzuki Morihisa ya Morioka, tangu 1625, hii ni upande wa mila hasa, naitaja kwa sababu ukitaka kujua dizaini mpya imeacha nini lazima uone kile kilichokuwepo.

Kubadilisha dizaini sio kuua mila?

Nambu tekki ilitambuliwa rasmi na serikali kama kazi ya mkono ya jadi mwaka 1975, ilikuwa kati ya za mwanzo kabisa, chini ya sheria ya mwaka 1974. Masharti ya sheria hiyo yanasema ujuzi uwe wa jadi, malighafi ziwe za jadi, sehemu kubwa ifanywe kwa mkono, na kitu chenyewe kiwe kinatumika kwenye maisha ya kila siku. Lile la mwisho watu wanalisahau. Birika lililoko kabatini na taa juu yake halitimizi.

Kwa hiyo mi nauliza mbunifu swali moja tu: umelibadilisha kwa sababu ya jiko la mtu au kwa sababu ya picha? Kitako kipya kwa ajili ya indaksheni, safi. Mdomo usiodondosha, safi. Mdomo uliopindishwa mpaka maji hayatoki vizuri ili lionekane la kisasa, huo ni upuuzi na upo, nimeuona unauzwa ghali.

Tena soko nalo lina kelele zake. Iwate walipeleka mabirika yao kwenye Maonyesho ya Dunia ya Shanghai mwaka 2010, wapenzi wa chai ya pu'er wa China wakayapenda vibaya sana, oda zikafurika. Pesa ikaingia, vijana wachache wakarudi kwenye karakana, lakini na kopi zikajaa onlaini zenye mihuri ya kughushi. Na fundi hazalishwi kwa haraka, hata ule mtihani wa kitaifa wa fundi wa jadi unataka uwe na uzoefu wa miaka 12 kazini ndo uruhusiwe kukaa.

Ni kweli kuna mabirika yanaimba?

Yapo, hasa machagama, fundi anabandika vipande vidogo vya chuma ndani ya kitako na maji yakianza kuchemka yanavuma, wenyewe wanausifia mlio huo kama upepo kwenye misonobari. Birika la kawaida nalo linatoa sauti kidogo. Usinunue kwa sababu hiyo.

Nataka kuagiza kutoka Japani, niangalie nini?

Ndani kwanza. Omba picha ya ndani kwa mwanga mzuri, ikiwa inang'aa nyeusi kama sahani basi ni enameli na ni buli. Ikiwa ya kijivu au kijivu cha bluu bila kung'aa ni chuma kitupu. Halafu ujazo: wanaandika ujazo mpaka juu kabisa lakini maji ya kuchemsha yasizidi asilimia 70 au 80, yakizidi yanatemwa mdomoni, kwa hiyo la lita moja lihesabu kama vikombe vitatu. Upana wa kitako kama una indaksheni. Uzito, kwa sababu usafiri wa ndege wanakupimia kilo, na ushuru bandarini au posta ni juu yako, uliza kabla. Mikono mingine inaondoka, lifungwe mkono mbali na mwili ili visigongane njiani.

La mtumba usiliogope, ila lijaze maji baridi ulikalishe juu ya gazeti kavu usiku kucha, asubuhi gazeti litakuambia kama linavuja. Kama muuzaji yuko mbali mwambie afanye yeye na akutumie picha.

Likivuja au likidondoka, linatengenezeka?

Kutu ya ndani na rangi ya nje karakana nyingi wanarekebisha, wanalichoma upya na kulipaka urushi upya, na baadhi wanapokea hata la nyumba nyingine. Mkono uliolegea unarekebishwa. Ufa mwembamba kwenye kitako inategemea fundi, mwingine atajaribu, mwingine atakuambia asante lakini hapana. Likidondoka sakafuni likakatika mdomo, limeisha. Usilipeleke kwa mchomeleaji wa mtaani, chuma cha kusubu kina kaboni nyingi na kuchomelea kwa njia ya kawaida kunakipasua zaidi pembeni ya pale alipochomea. Kwetu nimeona watu wanaligeuza la kupandia maua, toboa kitako kidogo maji yapite.